Breki Hazifeli Ghafla

Taarifa nyingi za ajali za barabarani huishia kwenye maneno mawili: breki zimefeli. Dereva akinusurika huyasema, abiria huyarudia, shuhuda wa kando ya barabara huonyesha mteremko kwa kidole, na kesho yake maneno hayohayo yamechapwa gazetini. Baada ya hapo mjadala hufungwa, kwa sababu msiba uliokuja wenyewe hauna wa kuulizwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa gari dogo linalotumia breki za fluidi, maelezo hayo karibu kila mara yameruka sehemu kubwa ya habari. Breki hizo huvuja kwanza, kisha ndipo zikafeli. Kati ya kuvuja na kufeli hupita siku, majuma, pengine miezi, na muda wote huo gari hutoa ushahidi unaoonekana kwa macho, unaoshikika kwa kidole na unaosikika chini ya unyayo wa dereva. Kinachoufuta ushahidi huo, kuliko kitu kingine chochote, ni ile chupa ndogo ya breki fluidi inayomiminwa kwenye kikopo ili kiwango kirudi mahali pake na safari iendelee.

Malori na mabasi makubwa tuyaweke kando, kwa kuwa breki zao huendeshwa kwa upepo uliokandamizwa na zina magonjwa yake. Kinachozungumzwa hapa ni gari la familia na la biashara ndogo: Corolla, Probox, Noah, pikapu. Ndani ya gari kama hilo nguvu ya mguu hufika kwenye gurudumu kupitia kimiminika kilichofungiwa kwenye mabomba membamba. Kanuni yenyewe ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za namna hii mwaka 1917, na mwaka 1921 gari la abiria la Duesenberg Model A likatoka na breki hizo kwenye magurudumu yote manne. Ugonjwa wa kuvuja ulizaliwa pamoja na ufundi huo. Silinda za mwanzo za Loughead zilizibwa kwa ngozi, na ngozi ilivuja. Wahandisi wa Chrysler wakaweka vikombe vya mpira mahali pa ngozi, na gari la kampuni hiyo la mwaka 1924 likatoka hivyo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, usalama wa abiria bado umeshikwa na vipande vya mpira ambavyo vingine ni vidogo kuliko kifuniko cha soda.

Hesabu kidogo itaonyesha kwa nini tone moja ni habari nzito. Chukua dereva anayekandamiza pedali kwa nguvu ya kilo 30. Wenzo wa pedali huizidisha nguvu hiyo mara nne hivi, na busta ya breki huizidisha tena, tuseme mara tatu. Zinazofika kwenye pistoni ya masta silinda ni kilo 360. Pistoni hiyo ikiwa na kipenyo cha milimita 22, eneo lake halifiki sentimita 4 za mraba, kwa hiyo fluidi iliyo mbele yake inabeba zaidi ya kilo 90 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la saluni lililojazwa vizuri lina kilo 2 na kidogo tu. Mpira uliochoka unaoonekana mkavu kabisa gari likiwa limeegeshwa unaombwa, mara tu mtoto anapokatiza barabara, ushikilie shinikizo linalozidi la tairi mara 40. Ndiyo maana uvujaji wa breki hauwezi kupimwa kwa kutazama sakafu ya gereji peke yake. Gari linalotua bila kazi linaweza kuficha ugonjwa ambao barabara itaufichua.

Msomaji anayeyajua magari atauliza kama kila kushuka kwa kiwango ni uvujaji. Si kila kushuka. Kwenye breki za diski, kadiri padi zinavyolika ndivyo pistoni ya kalipa inavyosogea nje, na nafasi inayobaki nyuma yake hujazwa na fluidi kutoka kwenye kikopo. Kiwango kinachoshuka polepole kutoka alama ya juu kuelekea ya chini, kwa maelfu ya kilomita, kinaweza kuwa kinaeleza jambo moja tu: padi zinakaribia kwisha. Lakini pingamizi hili linaikaza hoja. Dereva anayejaza kikopo bila kufungua magurudumu amekosea katika hali zote mbili. Kama padi zimelika, amejifutia kipimo kilichokuwa kinamwambia hivyo, na siku fundi atakapofunga padi mpya na kurudisha pistoni ndani, fluidi itafurika kwenye kikopo na kula rangi ya gari, kwani fluidi ya kawaida huibambua rangi. Kama kuna uvujaji, ameufunika. Na kikopo kinachohitaji kuongezwa kwa mara ya pili ndani ya mwezi hakina maelezo kwenye padi. Hakuna padi zinazolika kwa kasi hiyo bila kupiga kelele ambazo mtaa mzima utazisikia.

Kabla hata ya kufungua boneti, gari hueleza lilivyo. Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi, ambayo madereva wengi huijua kama taa ya handibreki, huunganishwa katika magari mengi na boya lililo ndani ya kikopo cha fluidi. Kiwango kikiwa kimekaribia chini, taa haiwaki moja kwa moja. Huanza kumulika gari linapokata kona au linapopanda mlima, kwa sababu fluidi imeegemea upande mmoja na boya limeshuka. Taa ya namna hiyo, inayowaka na kuzimika, hudhaniwa kuwa hitilafu ya waya, na wapo wanaoikata. Pedali nayo husema. Ikilainika na kuwa na mnepo, upepo umeingia kwenye mabomba. Ikikaza tu baada ya kupampu mara mbili tatu, ama pana upepo, ama breki shuu za nyuma ziko mbali mno na dramu. Ikishuka taratibu mguu ukiwa umetulia juu yake kwenye foleni, kuna mahali shinikizo linapotea. Gari likivutwa upande mmoja wakati wa kufunga breki, huenda kalipa imeganda, au fluidi imelowesha breki shuu za gurudumu mojawapo.

Uchunguzi wenyewe uanze na swali ambalo wengi hulipita haraka: je, kilicholowa ni fluidi ya breki kweli? Chini ya gari hudondoka vingi. Maji ya kiyoyozi hudondoka kila siku ya joto na hayana neno. Oili ya injini, oili ya giaboksi, maji ya rejeta na grisi iliyoyeyuka kwenye beringi za magurudumu vyote vinaweza kumdanganya mtu. Kipimo cha nyumbani kipo na hakina gharama. Chukua matone machache ya kile kilicholowa, uyatie kwenye glasi ya maji safi. Oili itaelea juu na kutanda. Fluidi ya breki ya aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, ambazo ndizo ziko kwenye magari karibu yote tunayoendesha, itachanganyika na maji. Maji ya rejeta pia huchanganyika, lakini huwa na rangi iliyokolea na harufu ya utamu, nayo huvuja upande wa injini, wala hayapatikani nyuma ya gurudumu. Fluidi mpya haina rangi au ni ya manjano hafifu. Iliyokaa miaka huwa kahawia hata kukaribia weusi, na ikiguswa huteleza vidoleni. Glasi itupwe baada ya hapo na mikono ioshwe, maana fluidi hii ni sumu ikimezwa.

Ikithibitika ni fluidi, kazi ni kufuata njia yake kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Hapa ndipo fundi mwenye subira hutofautiana na yule anayefungua kwanza na kufikiri baadaye. Gari lisimame kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake. Magurudumu yatolewe, kila kiungo kifutwe kikauke, kisha mtu mmoja aketi kwenye usukani na kukandamiza pedali kwa nguvu ya kutosha, kwa dakika moja kila mara, huku mwingine akitazama kwa tochi. Kufuta kwanza ndiko kunakoleta jibu, kwa kuwa fluidi hutambaa. Inaweza kutoka kwenye kiungo cha juu, ikafuata bomba, ikadondokea mbali kabisa na tundu, na fundi akabadilisha kifaa kizima kisicho na kosa.

Kwenye magari yenye dramu nyuma, mahali pa kutazama kwanza ni wili silinda. Ndani yake mna pistoni mbili ndogo zenye vikombe vya mpira, na nje yake kofia za kuzuia vumbi. Dramu ikitolewa, kofia hizo zifunuliwe taratibu kwa ncha ya bisibisi butu. Unyevu hafifu nyuma ya kofia unaweza kuvumiliwa. Fluidi inayomwagika haivumiliki. Dalili ya nje ni ukuta wa ndani wa tairi uliolowa, au vumbi la breki lililogeuka tope jeusi kwenye bati linaloshika breki shuu. Lakini jambo la kuuliza ni kwa nini mpira umekufa. Mara nyingi ukuta wa silinda umeota kutu kwa sababu ya maji yaliyonyonywa na fluidi ya zamani, na kutu hiyo hukwangua mpira kila pedali inapokandamizwa. Mara nyingine dramu imelika kupita kiasi na breki shuu zimeisha, hata pistoni zikatoka mbali kuliko zilivyopangiwa. Kubadilisha mpira peke yake katika hali hizo ni kununua miezi michache, kisha uvujaji uleule unarudi.

Mbele, kwenye diski, kalipa huvuja mara chache zaidi, na hosi ndiyo ya kushukiwa. Hosi ya breki ni mpira ulioimarishwa kwa nyuzi; huzeeka kwa joto, vumbi na kukunjwa kila usukani unapozungushwa. Ikunje kwa mkono na utazame nyufa karibu na vichwa vyake vya chuma. Mtu akikandamiza pedali, isivimbe hata kidogo. Hosi nyingi huuawa gereji, pale kalipa inapofunguliwa na kuachwa ining'inie kwa hosi yake badala ya kufungwa kwa waya. Kwenye kalipa, hosi hufungwa kwa boliti yenye tundu na washa mbili za shaba. Washa hizo hubonyea mara moja tu na zinapaswa kuwa mpya kila kiungo kinapofunguliwa. Zinauzwa kwa bei ndogo, na kuzirudia ni chanzo cha matone mengi yanayotokea baada ya gari kutoka kutengenezwa.

Mabomba ya chuma yanastahili jicho la pekee katika nchi zetu. Magari mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda yametumika kwanza Japani, na baadhi yametembea katika maeneo ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hiyo hukaa juu ya vibanio vya mabomba na kwenye mikunjo iliyo juu ya ekseli ya nyuma, mahali pasipooshwa. Gari likishafika Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, upepo wa bahari huendeleza kazi iliyokwisha anza. Bomba linaweza kung'aa vizuri urefu wote na likawa limeoza sentimita mbili chini ya kibanio kimoja. Sugua kutu kwa kitambaa. Likibakia limechimbika, bomba hilo limekwisha hata kama halijaanza kudondosha.

Upo uvujaji ambao hautaonekana chini ya gari kabisa, nao ndio unaomchanganya dereva zaidi. Masta silinda imefungwa mbele ya busta. Mpira wake wa nyuma ukichoka, fluidi huingia ndani ya busta na kukusanyika humo. Kikopo kinapungua, sakafu ni kavu, magurudumu ni makavu. Tazama basi rangi ya busta chini ya kiungo hicho: ikiwa imebambuka na kutelemka kama machozi, jibu limepatikana. Fluidi ikizidi humo, injini inaweza kuinyonya kupitia hosi ya busta na kuiunguza, na moshi mweupe ukatoka kwenye eksozi. Kuna pia kasoro isiyopunguza fluidi hata kidogo: vikombe vya ndani ya masta silinda vikilika, fluidi hurudi nyuma badala ya kwenda kwenye magurudumu. Pedali hushuka mpaka chini, kikopo kimejaa, kila mahali pakavu. Na katika baadhi ya magari ya gia za mkono, klachi hunywa fluidi kutoka kikopo kilekile cha breki. Silinda ya klachi ikivuja kwenye giaboksi, breki ndizo zinazolaumiwa.

Sasa pingamizi zito zaidi. Itasemwa kwamba magari ya leo yana mikondo miwili ya breki, kwa hiyo uvujaji wa upande mmoja hauwezi kumaliza breki zote. Ni kweli, na utaratibu huo umeokoa wengi. Masta silinda ina pistoni mbili, kila moja ikihudumia magurudumu mawili: ama ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, ama kwa mshazari. Saab waliuweka mpango wa mshazari kwenye magari yao mapema miaka ya 1960. Lakini tuangalie kinachobaki. Gari linapofunga breki uzito hulalia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi. Mkondo wa mbele ukipotea, breki za nyuma zinabakia na kazi ambayo hazikuundiwa kuibeba. Zaidi ya hilo, pedali hushuka sana kabla ya kushika, na dereva ambaye hajawahi kukutana na hali hiyo huamini hana breki kabisa, akaacha kukandamiza. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za taharuki ni mita 44. Mkondo wa pili umewekwa ili gari lisimame mara moja na kuvutwa gereji, wala haukuwekwa ili liendelee na ratiba ya juma zima.

Wengine watasema kwamba breki zinaweza kupotea kwa joto, bila tone kuvuja, kwenye miteremko kama Kitonga, Sekenke au ukingo wa bonde la Mai Mahiu. Hilo nalo hutokea, lakini nalo lina historia. Fluidi ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi joto zisizopungua 205 za Selsiasi; ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Fluidi ikichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu hufika sakafuni. Maji hayo huingia kwa miaka, kupitia hosi na kifuniko cha kikopo, na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo. Watengenezaji wengi hushauri fluidi ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi. Anayeongeza fluidi mpya juu ya iliyooza hajaibadilisha. Ameipaka rangi ya usafi. Ndivyo mazoea ya chupa yanavyoleta hatari kwa njia mbili: huficha tundu, na huacha maji ndani ya mabomba.

Pana pia watakaosema kwamba ajali nyingi husababishwa na madereva, si vifaa. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2005 hadi 2007 ulihesabu kasoro za gari kuwa sababu ya mwisho katika asilimia 2 hivi ya ajali zilizochunguzwa, na breki zikawa fungu moja tu la hiyo asilimia 2. Siikatai takwimu hiyo. Lakini ulihesabu tukio la mwisho katika mlolongo wa ajali, katika nchi ambayo magari yake huanza maisha yakiwa mapya. Breki iliyolegea haihitaji kufeli kabisa ili iue. Inatosha kurefusha umbali wa kusimama kwa mita chache, na dereva aliyekuwa na mwendo akaandikwa kuwa ndiye sababu. Tena uamuzi wa kuendesha gari linalovuja ni uamuzi wa mtu. Kosa la dereva huyo lilianza siku ile alipofunga kifuniko cha kikopo na kuwasha gari, na likakaa likingoja siku ya kuonekana.

Linabaki suala la fedha, na hili nalijadili kwa heshima kwa sababu ndilo la kweli zaidi. Mwenye Probox anayelipa hesabu ya siku kwa tajiri hana siku ya kupoteza. Fundi wa kando ya barabara anamwonea huruma: anakunja bomba la gurudumu linalovuja, analigonga kwa nyundo au analiziba kwa boliti, na gari linaondoka na breki za magurudumu matatu. Kama njia ya kulifikisha gari gereji ya jirani kwa mwendo wa kutembea, nitanyamaza. Kama matengenezo, ni hatari tupu. Gari hilo litavutwa upande mmoja kila litakapofunga breki kwa nguvu, na kwenye barabara yenye mvua litageuka. Nayo hesabu ya fedha haimpendelei. Fluidi inayovuja kwenye dramu hulowesha breki shuu, zikafa kabla ya wakati wake. Upande mmoja ukifa, pande zote mbili zibadilishwe. Chupa tatu za fluidi, seti ya breki shuu, na kuvutwa kwa gari siku litakapogoma, vyote kwa pamoja hushinda bei ya wili silinda iliyovuja tangu mwanzo. Tajiri anayemzuia dereva kusimamisha gari anajikata mwenyewe, na ndiye anayepaswa kuambiwa haya kuliko dereva.

Matengenezo yenyewe yana makosa matatu yanayorudiwa mno. La kwanza ni kuosha vifaa vya breki kwa petroli au dizeli. Mipira ya breki hizi huvimba na kulainika ikiguswa na mafuta ya petroli, kwa hiyo vifaa vioshwe kwa spiriti au kwa fluidi mpya yenyewe. La pili linatokana na sababu hiyohiyo: kumimina oili ya injini au ya usukani kwenye kikopo cha breki pale fluidi inapokosekana. Kikombe kimoja tu cha oili kinatosha kuharibu kila mpira kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho, na dawa yake ni kubadilisha mipira yote na hosi zote na kusafisha mabomba. La tatu ni kuzikausha kwa moto breki shuu au padi zilizolowa. Fluidi imeshaingia ndani ya nyama yake. Joto la breki litaitoa tena siku ya mteremko. Zitupwe.

Bomba lililooza nalo halifungwi kwa gundi, wala kwa kipande cha hosi na vibanio, wala kwa viungo vya kubana vya mabomba ya maji. Linakatwa na kuwekwa jipya la kazi ya breki, midomo yake ikifunguliwa kwa kifaa maalumu kwa umbo lilelile la kiungo cha awali. Bomba la shaba iliyochanganywa na nikeli hukunjika kwa urahisi na halioti kutu kama chuma, na kwa gari la pwani ni gharama yenye faida. Masta silinda na wili silinda zenye kuta zilizochimbika zibadilishwe nzima. Kwenye soko la spea pana mipira bandia isiyo na jina wala tarehe, na kwa kifaa hiki mahali pa kubana matumizi si hapo. Afadhali kungojea siku mbili spea ya kueleweka itoke mjini.

Kutoa upepo ndiyo hatua ya mwisho na ndiyo inayoharakishwa zaidi. Gari nyingi huanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda na kumalizia lililo karibu, ingawa zile za mikondo ya mshazari zinaweza kuwa na mpangilio wake, na zenye ABS pengine zikahitaji kompyuta. Kitabu cha gari ndicho kinachosema. Mpira mwangavu uvalishwe kwenye skrubu ya kutolea upepo, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Anayekandamiza ashikilie pedali chini mpaka mwenzake aseme ameshafunga skrubu, na hapo ndipo aachie. Akiachia mapema, upepo hurudi ndani. Kwenye gari la zamani pedali isikandamizwe mpaka sakafuni, kwa sababu vikombe vya masta silinda vitavuka kwenye sehemu yenye kutu ambayo havijawahi kuifikia na kukatika. Kipande cha mbao chini ya pedali kinatosha kuzuia hilo. Kikopo kiangaliwe kila baada ya mikandamizo michache kisikauke. Fluidi iliyotoka isirudishwe, hata ikionekana safi, na ile ya chupa iliyokaa wazi rafuni kwa miezi isitumike.

Kisha majaribio. Injini ikiwa inaunguruma, pedali ikandamizwe kwa nguvu na kushikiliwa dakika nzima, isishuke. Kila kiungo kilichofunguliwa kifutwe kwa karatasi kavu, pedali ikandamizwe tena, karatasi irudishwe pale pale. Gari lijaribiwe uwanjani kwa mwendo mdogo kabla ya kuingia barabarani. Alama ya kiwango ichorwe kwenye kikopo kwa kalamu ya wino mzito, na baada ya juma moja, asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa baridi, boneti ifunguliwe. Fluidi ikiwa imegusa alama, kazi imekwisha. Ikiwa chini yake, hata kwa unene wa ukucha, gari lirudi kwenye stendi na magurudumu yatolewe upya.